Barua kwa Yusufu juu ya ile picha

Busia, Uganda, 14 Februari 2021

Kwako ndugu yangu Yusufu,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi na watoto tu wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali huko Arua. Barua hii nampa kondakta wa basi, na Hamisi ataipokea Kampala aipandishe basi la kwenu, kwa sababu tangu ulipojitoa kwenye kundi letu la WhatsApp mwezi wa Novemba hujapokea simu yangu hata mara moja, na kila ujumbe ninaokutumia unabaki na tiki moja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nataka tuzungumze juu ya ile picha. Hamisi aliniambia niache yapoe, lakini miezi mitatu imepita na ninaona yanazidi kuganda.

Siku ile ya tarehe 18 Novemba, Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alipokamatwa Luuka na kupelekwa kituo cha polisi cha Nalufenya, Jinja, nilikuwa nyumbani, redio mezani. Taarifa ya habari ya saa saba mchana katika stesheni ninayoisikiliza ilisema kwamba hali ni shwari, kisha wakarudi kwenye muziki na tangazo la mbegu za mahindi. Saa hiyohiyo dereva wa lori aliyetoka Jinja alikuwa akisimulia pale Sofia, hapa hapa Busia, jinsi alivyopita katikati ya matairi yanayowaka na kusikia risasi kwa masikio yake mwenyewe. Televisheni za Kampala zilikuwa zikionyesha, hilo sikatai, lakini kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikafungua simu.

Nawe unajua nilichokikuta humo: kijana amelala kifudifudi kando ya pikipiki, koti jekundu, na maandishi yaliyosema "Jinja, sasa hivi". Sikumwuliza aliyenitumia ameipata wapi. Niliituma kwenye kundi na kuandika chini yake "nimeipokea hivyo hivyo", maneno ambayo sote tumezoea kuyaandika ili mzigo uwe wa mwingine. Wewe ukaliona koti la Juma wetu wa bodaboda. Ukampigia usiku kucha, simu yake ikiwa imezimwa. Ukawapigia watu wa nyumbani Bombo, na Mama akapandwa na presha hadi akalazwa. Kumbe Juma alikuwa amejifungia ndani kwa jirani yake, betri imekwisha.

Siku ya tatu mwanangu mdogo aliikuza ile picha kwa vidole akaniuliza, "Baba, mbona namba ya pikipiki inaanza na KM?" Yusufu, mimi ninayekaa Busia, ninayeona pikipiki za Kenya kabla sijanywa chai ya asubuhi! Ilikuwa picha ya Kenya, nami nilikuwa nayo mkononi siku tatu nisiione.

Sitaki kujitetea, ingawa utaona kwamba ninajitetea. Siku zile mbili, tarehe 18 na 19, watu walikufa kweli. Rais mwenyewe alitaja idadi ya 54, na miongoni mwao wamo ambao hawakuwa waandamanaji. Bila simu za watu waliokuwa madirishani na vibarazani, mengi yasingejulikana. Nawalaumu watu wa redio, lakini nikikumbuka redio ya CBS ilivyofungwa Septemba 2009 wakati wa ghasia zilizozuka Kabaka wa Buganda alipozuiwa kwenda Kayunga, ikakaa kimya mwaka mzima na zaidi, ninaelewa kwa nini mwenye stesheni ndogo anachagua tangazo la mbegu. Na wale wasiochagua hivyo, tumeona: Ashraf Kasirye wa Ghetto TV, ambayo iko mtandaoni tu, alijeruhiwa kichwani akiwa kazini Masaka tarehe 27 Desemba. Kwa hiyo ninapomkasirikia mtangazaji wetu, mimi mwenyewe ambaye...

Basi. Narudi kwenye picha.

Gazeti la Daily Monitor lilinifikia siku iliyofuata ile ya kukamatwa, jioni, likiwa limechelewa na limekunjamana. Chini ya picha iliyokuwamo kulikuwa na jina la aliyeipiga na mahali alipoipigia. Nimekuwa nikiwasomea wanafunzi magazeti miaka kumi na minne bila kuyatilia maanani yale maandishi madogo. Mtu yule, akikosea, anajulikana na anaweza kuulizwa. Yangu haikuwa na jina la mtu yeyote isipokuwa langu, nalo nililificha nyuma ya "hivyo hivyo". Mwenye redio alisema "shwari" akaenda zake. Mimi nilisema "hivyo hivyo" nikaenda zangu. Nimejaribu kutafuta tofauti kati yetu, sijaipata.

Halafu Januari wakatufungia vyote. Mtandao ulizimwa usiku wa kuamkia uchaguzi, na ulirudi tarehe 18. Wengine hapa walikuwa wakisogea karibu na mpaka kutafuta mawimbi kwa laini ya Safaricom, mikono juu kama watu wanaoomba mvua. Nilidhani uvumi ungekufa kwa kukosa chakula. Wapi! Siku ya tatu soko zima lilikuwa limekwisha kumzika mwenyekiti wetu wa LC1, yaani wa kijiji, naye akaja mwenyewe kununua mukene, wale dagaa, akashangaa kwa nini wanawake wanamkimbia. Sasa mtandao umerudi, ila Facebook imefungwa mpaka leo, na mwanangu ameniwekea VPN, programu ya kuficha mahali ulipo, inayodai kwamba niko Uholanzi, nami niko uani namenya muhogo. Tulidhani ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ndiyo ilikuwa dhiki.

Ndugu yangu, sikuombi urudi kwenye kundi. Mwalimu mkuu bado anatuma video za dawa ya vitunguu. Ninachoomba ni ruhusa ya kwenda Bombo kumwona Mama, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba picha ile niliituma mimi. Je, alishaambiwa ilitoka kwa nani, au ulinifichia? Presha yake imeshuka, na bado anameza vidonge vya asubuhi? Nikienda, niende peke yangu au nikungoje? Juma amekubali kurudi barabarani, na lile koti jekundu analo bado? Na ninyi huko Arua, siku zile tano za giza mlipata habari kwa njia gani. Mlitumia laini za Kongo, au mlikaa na redio tu kama zamani? Jibu lolote mpe Hamisi, hata kama ni matusi.

Wasalaam,
ndugu yako wa Busia