Dada, kuhusu yule jogoo

Asalaam aleikum, dada.

Juzi binti yako alinipigia. Alisema umenunua kuku, vifaranga wanasinzia na mabawa wameyaangusha, na umemtuma aniulize dawa. Nikamuuliza kinyesi kikoje. Akaenda kutazama, akarudi: kina damu. Basi hiyo ni koksidiosisi, dawa yake ya kutia kwenye maji iko agrovet yoyote, na hayo maranda mliyowatandikia yamelowa, yatoeni yote muweke makavu. Kinyesi kingekuwa cha kijani na shingo zimepinda ningemwambia jingine, maana kideri ikishaingia bandani haina dawa. Huzuiwa tu, kwa chanjo ya matone, tone moja jichoni, na unarudia kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho, kwa hiyo shirikianeni na jirani.

Hayo nilimwambia mtoto. Yanayobaki ni yako, na nayaandika hapa kwa sababu ameniambia kila nikiandika unamwomba akufungulie kwenye simu usome. Soma na hii.

Umenunua kuku. Wewe uliyesema Nairobi si mahali pa kuku, na jogoo wa shamba hawiki mjini. Diwani, yule jogoo wa mama, aliwika mjini kila alfajiri ya Mungu, na mama akaamka kwa sauti yake mpaka alfajiri ya mwisho ya uhai wake.

Mimi sikuwatafuta hawa kuku. Unajua walivyokuja. Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili 2020, Mombasa siku mbili baadaye, wewe huko, sisi huku, na mama na umri wake amekatazwa hata kufika dukani. Msikiti umefungwa, darsa hakuna, mashoga zake wa Majengo amebaki kuwasikia kwa simu tu. Jirani akamuuzia mitetea miwili na pora mmoja mwekundu mwenye mkia mweusi. Mimi nilidhani ni wa kuchinja. Yeye akachukua kile kigoda chake, akakiweka pale chini ya tangi la maji, akaanza kuzungumza nao. Kafyu siku zile ilikuwa kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na yule pora alipojifunza kuwika alikuwa akiwika karibu na saa hiyo hiyo. Mama akawa anasema, "Diwani ametufungulia." Jina likabaki.

Najua ulikuwa unatumiwa picha. Picha hazikukuonyesha alivyokuwa akiwaita. Hakupiga kelele, alikuwa anagonga ukingo wa bakuli la bati kwa ukucha mara mbili, nao wanatoka nyuma ya nyumba mbio. Mtetea mmoja, Kishingo, akawa anapanda pajani kwake. Mwisho ule, alipokuwa hawezi kutoka kitandani, nilikuwa nammegea sima nyembamba nampa Kishingo dirishani ili mama amwone anakula, na mama akila kijiko kimoja kila kuku akidonoa. Daktari alisema ale. Kilichomlisha ni yule kuku. Kwa hiyo watu wanaposema nimezidisha na kuku wangu, mimi najua nilichokiona.

Jogoo ni habari nyingine, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kwa sababu siku moja hao vifaranga wako mmoja wao atakuwa jogoo.

Jogoo hali kwanza. Ukimtupia mahindi, Diwani alikuwa anaokota punje moja, anaiangusha, anaiokota tena, anaiangusha, huku anaita ko ko ko ko kwa haraka, hali mpaka mtetea aje aichukue kutoka mbele ya mdomo wake. Kazi yake nyingine ni kutazama juu. Unajua mwewe wa Nairobi walivyo, wale wanaopokonya watoto chapati mkononi. Akipita mwewe, Diwani analaza kichwa upande, jicho moja mbinguni, anatoa sauti moja ndefu nyembamba, na mitetea na vifaranga wote wameshaingia chini ya tangi kabla sijajua kuna nini. Akija paka ilikuwa sauti nyingine kabisa, ya kukatakata, na hapo hawajifichi, wanasimama wanamtazama huyo paka. Nilikaa nao mpaka nikawa najua nikiwa jikoni, bila kuchungulia, kama ni wa juu au wa chini.

Sasa mtu mwenye kazi hiyo, ukimshikia kifaranga atafanya nini?

Nasema habari ya mtoto wako, naam. Ulifika mama ameshazikwa Kariokor. Sikukulaumu na silaumu leo, maiti haingoji basi. Siku ya tatu ya matanga nyumba imejaa, watoto hawana mtu wa kuwatazama, mwanao akaingia bandani akachukua kifaranga akakibana kifuani. Diwani alimwonya. Nilikuja kuuliza watoto wote na wote waliniambia vile vile: alishusha bawa moja mpaka chini, akaenda upande upande, manyoya ya shingo yamesimama. Huo ndio mwito wake wa kusema niachie. Mtoto hakujua, akakimbia na kifaranga mkononi, na jogoo hupiga kinachokimbia. Kipi, ule mwiba wa mguuni, kikampata chini ya jicho.

Damu niliiosha mimi, dada. Wewe ulikuwa umekaa na wazee ndani, mimi ndiye niliyembeba mtoto kwenda kliniki, mimi ndiye niliyemshika kichwa alipokuwa anashonwa. Daktari akasema jicho ni salama. Nilirudi nikakwambia jicho ni salama, na wewe ukaniuliza, "Na huyo jogoo?" Nikakujibu, "Namshughulikia." Nikamshughulikia.

Na hivi ndivyo anavyoshughulikiwa, na wewe ufanye hivi hivi. Jogoo akikujia usikimbie na usimpige teke, maana ukimpiga teke umekubali vita, na atakusubiri kesho. Simama. Msogelee wewe, polepole, mpaka apishe njia. Asipopisha, mshike mabawa yote mawili kwa mwili, mtie kwapani, tembea naye uwanjani ukifanya kazi zako mpaka ashushe kichwa, halafu mweke chini kwa upole. Rudia kesho. Mtoto asimpe mgongo, na mtoto ndiye awe anatupa mahindi jioni, wewe umesimama nyuma yake, ili jogoo ajue mkono ule unaleta riziki. Na vile vipi vikirefuka, usiku akiwa amelala juu ya mti wake mshike, tafuta msasa, punguza ncha mpaka iwe butu. Ncha tu, ndani kuna damu. Hasikii uchungu. Nilimfanyia Diwani usiku mbili tatu, kidogo kidogo, taa ya simu mdomoni, mpaka ncha zikawa za duara.

Ulirudi kwa arobaini. Asubuhi ile nilikwenda Eastleigh kuchukua mchele na viungo. Ng'ombe nilikuwa nimeshailipia, kilo 30, imeshafika, imeshakatwa, iko kwenye masufuria chini ya turubai. Hakukuwa na upungufu wa nyama hata wa mtu mmoja. Kangundo Road ilikuwa imefungana, nikafika saa nne. Nikapitia nyuma, na pale chini ya tangi, pahala pa kigoda cha mama, kuna karai la maji ya moto na manyoya yanaelea. Yale ya mkia, ya kijani kinachong'aa, yakilowa huwa meusi tu, lakini ya shingo hayabadiliki. Nikayajua. Yule kijana wa kupika ameshakata miguu ameiweka juu ya jiwe. Nikaiokota. Ncha za vipi zilikuwa butu, zimelainika, kazi ya mikono yangu. Nikakuletea mlangoni nikakwambia, "Tazama. Hana tena cha kumuumiza mtu." Hukutazama. Ulisema mbele ya wanawake wote wa Majengo, mbele ya mashoga wa mama, "Mama amekufa, na huyu analilia kuku."

Kifo cha jogoo ningekusamehe. Jogoo huchinjwa, mimi si mtoto, na nyama ya kuku nakula. Mama mwenyewe alichinjisha majogoo wengi maisha yake. Lile neno bado. Mama mmoja alikohoa, mwingine akashika ushungi wake, na hakuna aliyesema kitu, na wewe ukageuka ukaenda kupanga sahani. Jogoo wa miaka hajaiva mpaka watu wanaondoka. Alichemka mchana kutwa kwenye sufuria la pembeni na hakuna aliyemla. Kama ulimchinja kwa ajili ya chakula, kililiwa na nani?

Umewahi kumwambia mtu kwamba mimi nawapenda kuku kuliko mwanao. Imenifikia. Yule mtoto nimemlea kila likizo tangu hajaweza kufunga vifungo vya shati, na nguo zake ziko kwangu mpaka leo kwenye kabati la mama, rafu ya chini. Jogoo nilimtetea kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anamtetea, na kwa sababu ndiye aliyekuwa anafanya kile mama alichokuwa akikisikiliza. Siku thelathini na kitu baada ya mazishi, nyumba ile ilikuwa na sauti moja tu ya alfajiri iliyobaki kama zamani. Wewe ulikuwa na nyumba yako, mume, watoto, bahari. Mimi nilikuwa na ile sauti.

Na ulilalamika usingizi, ukasema anawika saa tisa usiku kwa wazimu. Hakuwa na wazimu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku, na wakaendelea kuwika karibu na alfajiri, kwa sababu saa iko ndani ya mwili wao. Jogoo huwika kabla mwanga haujafika. Taa za barabarani na magari humfanya awike zaidi. Nilizima ile taa ya nyuma, nikashusha dari la banda asiweze kunyoosha shingo vizuri, na jirani aliyekuwa akigomba akanyamaza na mayai akapelekewa kila Jumamosi. Kuishi na jogoo mjini kunawezekana. Hata kaunti ilitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, kwa hiyo hilo la kwamba Nairobi si mahali pake sijui ulilitoa wapi.

Baada yake uwanja ulivurugika. Mitetea ilikuwa inatawanyika, kila mmoja anakula kivyake. Mwewe akachukua vifaranga viwili mchana kweupe na hakuna aliyelia. Kuchi, yule mtetea mrefu, akaanza kusimama juu ya jiwe na kutazama juu, akawa anatoa ile sauti nyembamba, si sawasawa, lakini wenzake wakawa wanaitii. Kishingo hakutoka bandani siku kadhaa, nikawa nampelekea chakula kwa mkono.

Lakini kuna jambo hukulijua siku ile, kwa sababu hukuwa unafuga. Mtetea akishapandwa, mbegu hukaa ndani yake, na mayai yake huendelea kuwa na uhai hata wiki mbili baada ya jogoo kuondoka. Wiki ile ya arobaini sikuuza yai. Niliyaandika tarehe kwa penseli, nikayaweka mahali pa baridi, Kishingo alipoatama nikamtilia kumi na moja. Siku ya 21 asubuhi nikasikia vilio chini yake.

Wako pora watatu sasa. Mmoja ameshaanza kuwika, sauti inakatika katikati, ana mkia mweusi wenye kijani na shingo nyekundu. Kifaranga wa kwanza kukimbilia chini ya tangi ni huyo, na akipata mdudu anaita wenzake ingawa bado anaishia kumla mwenyewe. Watatu hawawezi kukaa uwanja mmoja na mitetea sita, watatoana macho. Mmoja nabaki naye. Mmoja nimemwahidi jirani. Wa tatu nilikuwa nimpeleke sokoni Burma akauzwe kabla ya Ramadhani.

Huyo wa tatu ni mtulivu, hajawahi kumshushia mtu bawa. Kondakta wa basi la usiku ananijua, anapokea kuku kwenye tenga na anamnywesha maji njiani. Mtamkalisha peke yake wiki mbili, mbali na wenzake, mkiangalia kama anahara au anakohoa, halafu mtamwachia jioni giza likiingia, si mchana. Chanjo yake nimeshampa mwezi huu.

Ukimtaka, uniandikie wewe, si mtoto, na uniandikie kwamba hachinjwi bila kuniuliza. Na lile neno la mlangoni ulirudishe. Pale pale, kwenye simu hiyo hiyo. Kisha nitamtafutia tenga.