Harambee ya Karakana ya Katriji, Dandora

Salamu kwenu majirani, wenye saiba, walimu, na ninyi mliokulia hapa mkahamia kwingine. Tunawaita tuchangie karakana salama ya vijana wetu wanaojaza katriji za printa.

Wakati wa mitihani printa za mtaa huu hazinyamazi. Katriji ya tona ikiisha, mwenye saiba anunue mpya kwa bei ya kuumiza au awape vijana wetu waijaze. Wengi huwapa vijana, na tunawashukuru, maana hiyo ndiyo ugali wao.

Kinachotusumbua ni kazi yenyewe inavyofanywa. Kijana hukaa kwenye stuli nje ya duka, hufungua katriji kwa bisibisi, humwaga mabaki kwenye gazeti, kisha hupuliza kwa mdomo. Kwa mdomo! Tona si wino wa maji. Ni unga wa plastiki uliochanganywa na masizi, laini kiasi kwamba hubaki hewani ukiuvuta bila kujua. Masizi hayo, yale ya kiwandani, IARC, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, imeyaweka kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Hatusemi kila anayejaza katriji ataugua. Tunasema haifai kijana wa miaka ishirini amalize siku akitema mate meusi.

Tumejaribu kujisaidia. Tuliazima mashine ya kufyonza vumbi ya kanisa. Ikafyonza mbele, ikatoa nyuma, ukuta mweupe ukawa wa kijivu. Baadaye fundi mmoja akatuambia tuna bahati, kwa sababu vumbi la tona likikutana na cheche ya mota huweza kushika moto. Mzee wa kanisa bado anatuangalia kwa jicho lile. Mimi mwenyewe niliwahi kunawa kwa maji moto, tona ikalainika na kuninatia kwenye vidole. Imeundwa iyeyuke kwa joto, ndivyo inavyoshika kwenye karatasi. Unawe kwa maji baridi.

Katriji zisizojazika huishia dampo la hapa Dandora, na huko huchomwa ili vipatikane vyuma na alumini. Dampo hilo lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori hayajakoma. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitoa matokeo ya watoto 328 waliopimwa karibu nalo: karibu nusu walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi kwenye damu. Tusidanganyane, hatuwezi kusema risasi ile ilitoka kwenye katriji. Lakini dampo lile halina haja ya mchango wetu.

Mchango tunauomba kwenu, shilingi 300,000. Mashine ya kufyonza iliyotengenezwa mahususi kwa tona ni 70,000. Sanduku la kioo lenye feni na chujio, ambamo kijana ataingiza mikono tu huku uso ukiwa nje, ni 85,000. Hilo ndilo moyo wa karakana. Tukikosa yote tulipate hilo. Kodi ya chumba miezi sita ni 60,000, barakoa, miwani na glavu za vijana kumi na mmoja ni 45,000, na 40,000 ni za kupeleka mabaki kwa kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Vijana wenyewe wameshachanga 64,000, kwa hiyo zimebaki 236,000.

Gamba la katriji likisafishwa vizuri, likabadilishwa dramu, yaani silinda inayobeba tona hadi kwenye karatasi, na ule ubao wa mpira unaoifuta, hurudi kazini zaidi ya mara moja. Shule zitakazotuletea kazi tutazijazia kwa nafuu mwaka wa kwanza.

Tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, uwanja wa kanisa. Mweka hazina atakuwa mezani na kitabu cha risiti. Usiondoke bila yako. Asiye na pesa alete katriji zilizokwisha. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, fundo kaza, na tafadhali usizitikise kwenye matatu.