Barua ya Malalamiko: Kebo Isiyofaa Kwenye Modemu ya M17

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Redio,
Nairobi.

KUH: MODEMU YA M17, KEBO NA KIJITABU CHAKE

Bwana Meneja,

Modemu mliyotuuzia, ya M17 (mfumo huria wa kutuma sauti kidijitali kwa redio za ridhaa), ni nzima. Mbovu ni kebo mliyoifunga nayo, na ubaya wake ni kwamba mnunuzi asiyesikia kitu huishia kuilaumu Codec2, kodeki huria (programu ya kubana sauti) inayotumiwa na M17, ambayo haina kosa lolote.

Plagi ya kebo, inayoingia kwenye tundu la data la redio, ina pini sita. Ukiipima kwa mita, waya wa kupokea umelehemiwa kwenye pini ya 5, ile ya data ya biti 1200 kwa sekunde. Ishara inayotoka hapo imeshachujwa kama sauti ya maongezi: masafa ya chini yamekatwa na ya juu yamepunguzwa. M17 haivumilii hilo. Hutuma alama 4800 kwa sekunde, na kila alama ni mojawapo ya viwango vinne, yaani masafa kusogea 800 Hz au 2400 Hz, juu au chini. Kichujio kikishavikoroga, modemu inashindwa kutofautisha kiwango kimoja na jirani yake. Sauti inakatikakatika, au haitoki kabisa hata mtumaji akiwa mtaa wa pili.

Waya huo unatakiwa pini ya 4, inayotoa ishara ya biti 9600 kwa sekunde bila kuchujwa. Pini ya 1 ya kutuma, ya 2 ya ardhi na ya 3 ya kuwasha utumaji ziko sawa, msiziguse. Kisha menyu ya data ya redio iwekwe 9600. Ikibaki 1200, ishara ya kutuma nayo itapitishwa njia ya maikrofoni na kuharibika vilevile. Mwisho, kiwango cha kutuma kirekebishwe hadi alama za nje, zile zinazosogeza masafa zaidi, zifike 2400 Hz. Kijitabu chenu hakina hata neno moja kuhusu hatua hizi.

Badala yake, kinadai kwamba modemu itaongea na redio za DMR, mfumo mwingine wa redio za kidijitali. Si kweli. Redio hizo hutumia AMBE+2, kodeki ya kampuni ya DVSI. M17 hutumia Codec2 ya David Rowe kwa biti 3200 kwa sekunde. Hazielewani.

Isitoshe, mmepiga marufuku kufungua na kubadilisha programu. Codec2 iko chini ya LGPL 2.1, leseni ya programu huria inayompa mnunuzi haki ya kupata msimbo wake na kuubadilisha. Watu waliitoa kazi hii bure ili wengine wajifunze nayo. Hamna ruhusa ya kuifungia.

Tunadai kebo sahihi kwa kila mnunuzi bila malipo, au pesa zirudishwe. Dai la DMR lifutwe. Na msimbo wa Codec2 utolewe pamoja na leseni yake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili azitumie ipasavyo. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu waaminifu,
Waendeshaji wa redio za ridhaa,
Nairobi.