Upande wa 1, mgongoni upande wa 6: seti hiyo si mbovu

Mwalimu wa kwaya kutoka Kisumu alipanda matatu alfajiri, na kabla ya saa nne alikuwa dukani kwangu hapa Nakuru, boksi kalifunga kwa leso. Hata kiti alikikataa. Alitoa santuri ya kwanza ya Messiah, ile kazi ndefu ya kwaya ya Handel, niliyomuuzia wiki mbili nyuma, akaigeuza mbele ya wateja wengine wawili: "Fundi, upande huu ni wa 1. Geuza, ni wa 6. Wa 2 uko wapi? Wewe umeokota mabaki ya seti mbili ukayatia boksi moja."

Si wa kwanza kuniambia hivyo. Tangu nianze kuuza na kuosha seti za santuri za muziki wa klasiki, neno hilo hunifikia karibu kila mwezi, na kila mara linaniuma vilevile. Anayerudi kunigombeza namshukuru, kwa sababu napata nafasi ya kumwonyesha. Asiyerudi ndiye anayekwenda kuwaambia wenzake kwamba fundi wa Nakuru ni tapeli.

Ile seti ilikuwa kamili na ilitoka kiwandani vilevile.

Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ilitolewa na Columbia huko Marekani mwaka wa 1948. Upande mmoja hubeba dakika ishirini na kitu, kwa hiyo kazi ndefu kama Messiah kwa kawaida hujaa santuri 3, pande 6. Sasa, nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa na pleya yenye chuma kirefu katikati. Unazipanga santuri zote tatu juu ya kile chuma. Ya chini inaanguka na kupigwa, ikiisha ya pili inaangukia juu yake, kisha ya tatu. Umesikiliza upande wa 1, wa 2 na wa 3 bila kuinuka. Halafu unaushika mrundo wote mara moja, unaugeuza, unaurudisha juu: unapata wa 4, wa 5 na wa 6. Ili mpango huo ufanye kazi, ni lazima mgongoni mwa 1 pawe na 6, mgongoni mwa 2 pawe na 5, na mgongoni mwa 3 pawe na 4.

Kabla hujanipigia simu kwa hasira, jumlisha namba za pande mbili za kila santuri. Seti ya santuri 3, kila moja itatoa 7. Seti ya santuri 4, kila moja itatoa 9. Jumla zikilingana, seti yako imepangwa kwa pleya ya kuangusha. Ukikuta 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, basi imepangwa kwa pleya ya kugeuza kwa mkono. Zote mbili ni halali. Muziki ni uleule, wewe fuata namba tu.

Mwalimu alinisikiliza, akajumlisha kwa kidole, akaketi. Niliiweka santuri ya pili upande wa 5, palipo "Hallelujah" katika seti yake, na wale wateja wawili wakasimama kama tunavyosimama kanisani.

Yeye alipoteza nauli na siku moja. Mzee mmoja mkulima wa upande wa Molo alipoteza zaidi. Alikuwa na seti nzuri, mpangilio wa kuangusha, na mjukuu akaikalia santuri ya 2 ikavunjika ukingoni. Alinijia, nikamwambia ningeitafuta yenye upande wa 2 na wa 5, ila ingechukua miezi na ingegharimu shilingi 1,800. Aliona namnyonga. Akampata mtu mwingine mwenye santuri ya pili ya rekodi ileile, jina la mwongozaji lilelile, picha ileile, kwa shilingi 500. Akafurahi mpaka alipofika nyumbani. Ile iliyouzwa ilitoka katika seti ya kugeuza kwa mkono, na santuri ya pili ya seti hiyo ni upande wa 3 na wa 4. Sasa mzee ana 3 na 4 mara mbili, na 2 na 5 hana kabisa. Alirudi kwangu baadaye, na ile 500 haikurudi naye.

Ukitaka kununua santuri moja kujaza pengo, usiangalie kava. Soma namba za pande zilizo kwenye lebo, kisha uinamishe santuri kwenye mwanga usome herufi na tarakimu zilizochongwa kati ya lebo na mwisho wa muziki. Hizo zilichongwa ili kiwanda kijue ni upande upi. Lebo huweza kubandikwa vibaya. Nimekutana na santuri mbili ambazo lebo zake zilibadilishana pande. Ule mchongo ndio ninaouamini.

Kuhusu bei, naulizwa kila juma: mbona seti ya santuri 3 kwako ni shilingi 4,500 na kwenye mnada wa vyombo vya nyumba boksi kama hilo huondoka kwa 800? Kwa sababu kwenye mnada hakuna aliyefungua hilo boksi. Mimi huchukua maboksi kutoka nyumba za zamani za Njoro na Subukia, kutoka bangaloo za majani chai Kericho, na kutoka maktaba za shule za misheni zinazotaka nafasi ya kompyuta. Katika kila maboksi matano ninayonunua, pengine mawili yanafaa kuuzwa kama seti. Hayo mengine nimeyalipia pia.

Halafu nasikiliza. Pande zote, mwanzo hadi mwisho. Messiah moja ni zaidi ya saa mbili. Mwaka jana niliipata Ring ya Wagner, mfululizo wa opera nne, ya kampuni ya Decca, ile ambayo Georg Solti aliiongoza na okestra ya Vienna Philharmonic kati ya 1958 na 1965. Ni santuri 19, pande 38, zaidi ya saa 14 za muziki. Nilikaa nayo siku tano. Kwenye upande mmoja wa Siegfried, opera ya tatu kati ya hizo, mahali ambapo jicho halikuona kitu chini ya taa ya duka, sindano iliruka mara tatu. Nikapunguza bei, nikaandika kwenye risiti ni upande gani na dakika ya ngapi. Mteja alijua anachonunua. Kazi hiyo ndiyo unayoilipia.

Wapo pia wanaoniletea boksi la Reader's Digest, jarida la Marekani lililouza pia santuri, wakiamini ni dhahabu kwa sababu lina santuri kumi na ngozi ya bandia. Yalitengenezwa kwa wingi sana. Yasikilizeni, yana muziki mzuri, lakini mimi sitayalipia zaidi ya mia chache.

Sasa niseme kuhusu spiriti, maana hapa ndipo watu wanapoharibu mali yao kwa mikono yao.

Kabla ya 1948 santuri nyingi zilikuwa za shelaki, utomvu wa mdudu anayeishi mitini huko India. Ni nzito, zinavunjika kama sahani ya udongo, zinazunguka mara 78 kwa dakika, na upande hubeba dakika nne au tano tu. Mwaka wa 1913 mwongozaji Arthur Nikisch na okestra ya Berlin Philharmonic walipoirekodi Simfonia ya Tano ya Beethoven, ilihitaji pande 8. Ndiyo maana seti hizo zilifungwa kwenye majalada mazito mfano wa albamu ya picha, na neno albamu tunalotumia hadi leo kwa muziki likatoka humo. Mpiga piano Artur Schnabel alirekodi sonata zote 32 za piano za Beethoven mjini London kuanzia 1932 hadi 1935, na zikauzwa kwa wanachama waliolipia kabla, jalada baada ya jalada.

Jalada moja kati ya hayo liliingia dukani kwangu, kutoka kwa mama mmoja aliyerithi nyumba. Mwanawe alisoma mahali fulani kwamba santuri husafishwa kwa spiriti. Kwa santuri za plastiki, mchanganyiko hafifu wenye spiriti unaweza kupita bila madhara. Kwa shelaki, spiriti huiyeyusha; mafundi seremala hutumia spiriti hiyohiyo kukorogea vanishi ya shelaki. Kijana alipangusa santuri nne kabla hajaona kitambaa kimekuwa cheusi. Mifereji, ile mistari inayopitiwa na sindano, ilikuwa imelainika kama sabuni iliyolowa. Kuosha zote nne kwangu kungekuwa shilingi 600.

Wengine hutumia maji ya bomba. Maji ya visima vya Nakuru mnayajua, tazameni meno yetu. Floraidi na chumvi nyingine hubaki ndani ya mfereji wa santuri maji yakikauka, na sindano inazisaga kila unapopiga. Mimi hutumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa maana asidi ya betri hukaa rafu moja nayo. Tone moja la sabuni isiyo na manukato kwa lita, brashi laini kufuata mzunguko wa mfereji, kamwe si kuikata, kisha maji matupu, kisha kukausha wima chumba kimefungwa madirisha. Vumbi la mji huu ni jembamba kama unga, na Agosti hungoja tu uache kitu kibichi wazi.

Wateja wa Kisumu tatizo lao ni unyevu na joto. Ukungu huanza kwenye karatasi ya kava la ndani kisha huhamia kwenye santuri. Na tafadhali msiache boksi ndani ya gari juani pale sokoni. Plastiki hiyo hulegea, inajikunja, na kuna mmoja aliyejaribu kuinyoosha kwa pasi. Aliniletea kitu chenye umbo la bakuli. Naweza kujaribu kuilaza kati ya vioo viwili vizito kwa majuma kadhaa, lakini iliyopigwa pasi sipokei.

Jambo la mwisho ni neno stereo, yaani sauti iliyogawanywa kushoto na kulia. Santuri za stereo ziliingia madukani mwaka wa 1958. Simfonia ya Tisa ya Beethoven ambayo Wilhelm Furtwängler aliiongoza kwenye tamasha la Bayreuth, Ujerumani, tarehe 29 Julai 1951, tamasha hilo lilipofunguliwa tena baada ya vita, ilirekodiwa kwa mono, yaani sauti moja isiyogawanywa. Ukiona rekodi ya umri huo imeandikwa stereo, jua kampuni iliichukua mono ikaigawa kwa mitambo, besi upande huu na sauti nyembamba upande ule. Inasikika kama watu wanaoimba ndani ya tangi. Daktari mmoja alikataa mono yangu ya bei ya juu akachukua ile ya stereo mtandaoni, kisha akaja kuniuliza kama naweza "kuitoa mwangwi." Haitoki. Na kama bado unapigia santuri za 78 sindano ya santuri za 33 na theluthi, acha: mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu, sindano hiyo inazama chini kabisa ilipo takataka. Tuna sindano zote mbili dukani, na kubadilisha ni kazi ya dakika kumi.

Yule mzee wa Molo bado namtafutia. Kama una santuri moja ya Messiah imebaki peke yake, upande wa 2 na mgongoni wa 5, usiitundike ukutani wala usiitupe. Nitumie picha ya lebo na ya zile tarakimu zilizochongwa. Ikilingana na yake, nainunua shilingi 1,200 na nauli ya kifurushi juu yangu.