Nakala za data: kazi ya kufanya kabla ya Ijumaa

Habari zenu wanakikundi,

Swali linalojirudia humu ni kama nakala kwenye diski ya nje inatosha. Inategemea: je, diski hiyo imechomekwa muda wote? Virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta hufunga kila kinachofikika kutoka hapo, diski ya nje ikiwemo. Nakilini, kisha chomoeni.

Mwaka 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilipigwa na NotPetya, virusi vinavyoharibu data. Seva (kompyuta kuu) zilizoshika taarifa za watumiaji wote wa mtandao wao zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, zikafutika kwa pamoja. Ilisalimika moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ikawa nje ya mtandao. (Yaani kukatika kwa umeme ndiko kulikowaokoa!)

Kanuni inayojulikana ni 3-2-1: nakala 3, vifaa vya aina 2, nakala 1 ikae mbali na ofisi. Nywila ya akaunti mnamohifadhi nakala isifanane na ya barua pepe.

Ila kubwa kuliko yote, jaribuni kurejesha faili kutoka kwenye nakala. Chukua faili moja, tuseme orodha ya madeni ya mwezi uliopita, lirejeshe kwenye kompyuta nyingine, lifungue uone kama tarakimu zinasomeka. Kufikia Ijumaa jioni kila mmoja aandike humu: limefunguka au limegoma. Ambaye limegoma anitafute inboksi, tusaidiane.

Na tafadhali, picha za skrini zenye majina ya wateja msitume humu.