Watoto wetu waonje, wasikariri tu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mzazi wa hapa Nyegezi, Mwanza, sio mwalimu wala mwanasayansi, ni fundi cherehani tu, ila kuna kitu nimekiona jikoni kwangu nikasema hiki lazima nikiandike.

Mwanangu yupo darasa la tatu. Juzi nakagua daftari nakuta wamechora ulimi umegawanywa kama ramani ya mikoa, tamu mbele, chungu nyuma, chachu pembeni, na tiki nyekundu juu yake. Mwalimu simlaumu, hata sisi tulifundishwa hivyo hivyo, lakini ile ramani ilishakataliwa kitambo, ulimi unapata ladha zote karibu kila sehemu, na ladha zenyewe sio nne ni tano, ya tano Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza tangu 1908, ni ule utamu wa mchuzi wa dagaa wenye nyanya, kila mtu hapa anaujua ila jina lake hatuna. Basi sikubishana na daftari, nikamwambia weka chumvi nchani mwa ulimi, afu pembeni, uniambie. Akasema baba mbona kote kuna chumvi.

Jumapili umeme ukakatika, tivii hamna, watoto wa jirani nao wamejaa, nikaona tuendelee. Usiku wake mama yao alikuwa amechemsha maji (ya ziwani hivi hivi usimpe mtoto, tunajua yanavyotufanya), tukayagawa kwenye vikombe, kimoja mchaichai, kingine maganda ya ndimu, kingine tangawizi, kingine tango, asubuhi tukachuja. Ukiyaangalia ni maji tu. Wakafungwa vitambaa machoni, wakaziba pua, wakanywa. Mchaichai wakasema maji, tango maji, ndimu maji yenye uchungu kidogo. Nikawaambia achieni pua na hamjameza bado, yule mdogo akaruka, "mchaichai huo!" Yani kumbe sehemu kubwa ya tunachoita ladha ni harufu inayopanda kutoka mdomoni kwenda puani kwa nyuma, ndio maana ukiwa na mafua hata sato wa kuchoma anakuwa kama karatasi. Tangawizi peke yake haikudanganyika, pua imezibwa na bado inawasha, kwa sababu ule ukali sio ladha, ni neva za maumivu na joto, sawa na pilipili.

Afu nikawafanyia ujanja. Maji na sukari, basi, nikadondoshea rangi nyekundu ya keki, nikawafungua macho. Wote stroberi! Mmoja akaapa kabisa. Hao hao stroberi yenyewe hawajawahi kula, wanaijua kwenye pakiti za biskuti.

Hapo mkubwa akaniuliza swali, tunasema nasikia harufu, nasikia njaa, sasa kama pua inasikia masikio kazi yake nini? Sikuwa na jibu, nikamwambia ndio Kiswahili chetu. Ila nikamkumbusha siku tulipoenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa, alivyobana pua pale getini, na baada ya nusu saa akawa anakula mhogo wake katikati ya magunia bila habari. Dagaa hawakuacha kunuka, pua ndio ilizoea.

Jambo moja wazazi wenzangu muwe makini nalo, mtoto aelewe kuonja ni kwa vikombe vilivyoandaliwa na mkubwa tu, maana majumbani mwetu mafuta ya taa yanakaa kwenye chupa za soda, tusije tukafundisha balaa.

Sasa Mhariri ombi langu. Ukurasa wenu wa watoto una vitendawili na picha za kupaka rangi kila wiki, sio vibaya, ila wekeni na jaribio dogo moja la vitu vya jikoni, lisizidi buku mbili. La wiki ijayo nawapa bure, chukueni juisi ile ile ya ukwaju, nusu iwe ya baridi sana, nusu ya kawaida, muulizeni mtoto ipi ina sukari nyingi. Wangu walisema ile ya kawaida, wakanishitaki kwa mama yao kwamba nyingine nimeipunja.

Baba wa watoto watatu,
Nyegezi, Mwanza