Kwa mwanangu uliyepelekwa kwa masista wazee

Mwanangu, tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako niliusoma jioni baada ya masifu, nikaurudia asubuhi kabla ya Misa. Umeniruhusu nikujibu hadharani, nami nimeona ni vyema, kwa sababu kila mwaka baada ya nadhiri za kwanza wapo masista vijana wanaoipokea barua ya utume kwa tabasamu mbele ya walezi, kisha wanakwenda kulia mahali pasipo na mtu. Wewe angalau umesema. Mwenzako mliyekaa naye unovisi, ile miaka ya malezi kabla ya nadhiri, amepelekwa misioni ya Umasaini, upande wa Loliondo, nawe umepelekwa kwenye nyumba ya masista wazee huko mlimani Moshi. Ulijitoa ili upeleke Injili mbali, ukakabidhiwa mabeseni, nepi za watu wazima na uji wa saa nne. Unaniuliza kama huo nao ni utume, au ni namna ya kumweka mtu pembeni kwa maneno mazuri.

Nitakujibu kwa njia ya somo wa kanisa kuu letu hapa Arusha, Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, kwa kuwa simwoni mtakatifu mwingine anayelijua swali lako kutoka ndani kama yeye. Alizaliwa Alençon, Ufaransa, mwaka 1873, akaingia Karmeli ya Lisieux, monasteri ya masista wasiotoka nje, Aprili 1888 akiwa na miaka 15, na humo humo akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Hakuwahi kukanyaga nchi ya misioni. Hata hivyo, mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misioni, sambamba na Fransisko Ksaveri aliyesafiri hadi India na Japani. Uamuzi huo hadi leo unawashangaza watu wanaopima utume kwa kilomita.

Kwanza naomba uiweke kando ile picha yake ya kwenye kadi, yenye mawaridi na macho yanayoelea juu. Dada yake Céline alipoingia Karmeli mwaka 1894 aliingia na kamera, na picha alizopiga zipo. Katika mojawapo masista wanafua nguo, na Theresia yumo kati yao. Ukimtazama katika picha hizo ambazo hazikurembwa, unamwona msichana mwenye uso mpana na mwili uliozoea kazi. Huyo ndiye ninayetaka uzungumze naye.

Katika jumuiya yake alikuwapo sista mzee, Sista Mtakatifu Petro, ambaye maumivu yalimzuia kutembea peke yake na ambaye kumridhisha kulikuwa kazi ngumu. Theresia, akiwa bado mnovisi, alijitolea kumtoa kanisani kila jioni na kumpeleka chumba cha kulia. Sala ya kimya ilipokuwa ikiendelea, bibi yule alitikisa saa yake ya mchanga, na hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kuondoka. Kiti kilipaswa kusogezwa kwa namna fulani na si nyingine, kisha safari ilianza, Theresia nyuma ameshika mkanda wa mzee. Mzee akijikwaa kidogo, alilalamika kwamba Theresia anataka kumwangusha. Theresia akitembea polepole zaidi, mzee alisema hausikii tena mkono wa kumshika, na kwamba tangu mwanzo alijua mtoto kama huyu hawezi kazi hiyo. Wakifika, alipaswa kuketishwa kwa uangalifu na mikono ya kanzu yake kukunjwa kwa utaratibu ule ule wa siku zote, ndipo Theresia anakuwa huru kuondoka.

Nadhani unawajua wazee wa namna hiyo. Pengine mmoja amekuita mara mbili wakati unausoma mstari huu.

Basi jioni moja Theresia akaona kwamba mikono ya yule bibi ilikuwa inashindwa kukata mkate. Hakuombwa, lakini tangu siku hiyo hakuondoka kabla ya kumkatia. Yeye mwenyewe ameandika kwamba hilo ndilo lililomvuta mzee kwake, kwa sababu lilifanywa bila kuombwa, pamoja na tabasamu aliloliacha kila alipomaliza.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya kisa hiki huishia kwenye uvumilivu. Mimi naona uvumilivu ni nusu yake tu, tena nusu ndogo. Kuna watu wanaovumilia huku wamefumba macho: wanamwogesha mzee, wanambadilisha, wanamlisha, lakini ukiwauliza ni mguu upi unaomuuma hawajui. Theresia aliuona mkate. Jicho hilo ndilo utakalolihitaji Loliondo siku ukipelekwa, kwa sababu mama aliyekuja zahanati na mtoto mgongoni hatakueleza yote yanayomsumbua, na lugha yake wewe utakuwa hujaijua vizuri. Asiyejizoeza kuona mambo mezani kwa jumuiya yake hataanza kuyaona akifika misioni. Nimeishi na masista waliorudi kutoka mbali, na tofauti kati yao ilikuwa hapo.

Lipo jambo la pili ambalo wahubiri hulipita haraka. Theresia alipewa na wakuu wake ndugu wawili wa kuwaombea na kuwaandikia: Adolphe Roulland, padre aliyekwenda China, na Maurice Bellière, mseminari aliyejiunga na Mapadre Weupe, shirika la wamisionari wa Afrika. Huyu Bellière alikuwa kijana wa kusitasita, mwenye kujiona hafai, naye Theresia aliendelea kumwandikia kwa subira na utani hadi Agosti 1897, wakati yeye mwenyewe amelala kitandani anakufa. Je, sala zile zilizaa mmisionari shujaa? Bellière alifika Afrika, akapelekwa upande wa Nyasa, Malawi ya leo, akarudi kwao mgonjwa na amechoka, akafa mwaka 1907 akiwa bado kijana. Hakuna aliyeandika kwamba Theresia alipoteza muda wake kwa mtu huyo. Nakuambia haya kwa sababu utawauguza wazee ambao hawatapona, na jioni utajiuliza kazi yako imezaa nini.

Hata hivyo, mtu asije akamtumia Theresia kukufunga mdomo. Novemba 1887, akiwa na miaka 14, alipiga magoti mbele ya Papa Leo XIII huko Roma, akamwomba ruhusa ya kuingia utawani, ingawa mahujaji walikuwa wamekatazwa kusema neno. Walinzi ndio waliomwinua. Baadaye aliandika bila aibu kwamba anatamani kuwa padre, mmisionari na shahidi kwa pamoja, na alikuwa tayari kwenda Karmeli ya Hanoi kama afya ingemruhusu. Kwa hiyo tamaa yako ya Umasaini si dhambi ya kuungama.

Alisema pia, mwishoni mwa maisha yake, kwamba baridi ya monasteri ilikuwa imemtesa kuliko kitu kingine cha mwili, naye kwa miaka mingi hakulalamika. Hilo usiliige. Mwezi wa saba huko mlimani ni baridi kali. Omba sweta na soksi nzito, na usimwinue mzee peke yako ili uonekane mwenye nguvu, maana mgongo ukiharibika sasa utakuwa mzigo wa jumuiya kwa miaka mingi. Na kuhusu kusinzia kwenye masifu ya asubuhi baada ya zamu ya usiku, Theresia naye alisinzia kwenye sala kwa miaka kadhaa, akajituliza kwa kufikiri kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakiwa macho na wakiwa wamelala.

Barua ya kumwomba Mama Mkuu akufikirie kwa misioni iandike, wala usiogope. Nitumie rasimu nikusaidie kuinyoosha. Ila usiipeleke kabla hujajua kila sista hapo nyumbani alifanya utume wapi ujanani, na uji wake anaupenda na sukari au bila sukari.

Shangazi yako,
Arusha